Nilitafsiri Majivu ya Zamani Yakawa ya Kesho

Nilikosa, na simsingizii mtu. Si mke wangu, si mama mkwe, wala si yule Daktari aliyeniamini. Ni mdomo wangu mwenyewe, na sifa nilizojipa kwa miaka ishirini.

Mimi ni mtu wa Kitale. Wazazi wangu walikuja Trans-Nzoia kulima, wakitoka upande wa Nyeri, nami nikazaliwa hapa. Nina duka la mbegu na mbolea. Mke wangu Nekesa ni Mbukusu wa huko Chwele, na tangu nimwoe nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Kibukusu nakimeza kama maji. Ukweli ni kwamba najua salamu, najua kuomba chakula, na najua kupatana bei sokoni. Kwingine kote huwa natikisa kichwa, na wenzangu wakicheka nami nacheka.

Siku moja akaingia dukani mwanamke mmoja kununua kamba na ndoo. Matope yalikuwa yamempanda hadi magotini. Alikuwa Mtaita, mwalimu wa chuo kikuu, kazi yake kusoma mawe na udongo. Sisi tulimwita Daktari. Alinieleza kwamba anatafuta mashimo marefu upande wa Bungoma. Ati chini ya mashamba yetu kuna tabaka la majivu ya volkano yaliyoanguka zamani sana, na udongo ulio chini yake na juu yake unaonyesha kama enzi hizo mvua ilikuwa nyingi au haba.

"Shimo refu?" nikamwambia. "Mama mkwe wangu anachimbiwa choo huko Chwele. Mtu akiingia humuoni kichwa."

Akafurahi sana. Akauliza kama kuna mtu wa kumtafsiria kwa wazee wa huko, maana Kibukusu hakijui.

"Si mimi niko," nikasema.

Nekesa alikuwa anapanga pakiti za mbegu. Akanigeukia. "Baba Shiru, wewe?"

"Kwani mimi ni mgeni Chwele?"

Akaendelea na mbegu zake.

Tulienda. Daktari akashuka shimoni kwa ngazi, na hakukaa sana akapiga kelele ya furaha kutoka chini. Majivu yalikuwepo. Sasa alitaka kuomba wazee ruhusa shimo liachwe wazi majuma mawili ili achukue udongo taratibu, kutoka juu hadi chini.

Wazee kama kumi na watano wakakusanyika uani. Ilikuwa siku ya soko, kwa hivyo shemeji yangu Wafula na vijana wote wenye Kiswahili chepesi walikuwa sokoni na mifugo. Mama mkwe alikaa mbali, nyuma ya jiko, kwa sababu kwa desturi ya kwao mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani, hata mkono hawapeani.

Daktari akaanza. "Zamani sana, mlima wa mbali ulilipuka. Upepo ukabeba majivu, yakaanguka hapa. Kabla ya hapo mvua zilikuwa nyingi. Baadaye ukaja ukame mrefu."

Maneno yenyewe niliyajua: mlima, moto, upepo, majivu, mvua. Kilichonishinda ni wakati. Katika Kibukusu, jambo lililopita na jambo linalokuja hutenganishwa na kasilabi kadogo tu mwanzoni mwa neno, na mimi nilipachika kale kasikofaa. Nikawaambia wazee wa watu kwamba mlima utalipuka, upepo utabeba majivu, yataanguka hapa hapa, kisha utakuja ukame mrefu.

Wakatazamana. Mimi nikadhani wamevutiwa na ufasaha wangu.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasimama, akaniuliza kitu kirefu kwa sauti ya chini. Sikushika hata neno moja. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa, nikamjibu kwa Kibukusu kwamba ndiyo, ni hivyo kabisa.

"Anasemaje?" Daktari akauliza.

"Anashukuru."

Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ameuliza, "Kwa hivyo tuhame?"

Siku ya tatu, pikapu ikasimama mbele ya nyumba yangu Kitale. Mama mkwe akashuka na kuku watatu, sufuria zake, godoro, na gunia la maharagwe. Nekesa akafurahi kumwona mama yake. Mimi pia nilifurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba siwezi kulala chini ya paa moja naye. Nikabeba blanketi nikahamia stoo ya duka. Kama hujawahi kulala katikati ya magunia ya mbolea, usijaribu. Hata chai yangu ilianza kunuka mbolea.

Asubuhi ya pili Nekesa akaniletea uji. "Mama anasema ameukimbia mlima," akasema.

"Mlima gani?"

"Ule mgeni wako alisema utalipuka. Si wewe ndiye ulitafsiri?"

Nilijua pale pale nilichofanya. Na hapa ndipo penye kosa langu hasa, kwa sababu kukosea silabi ni ubinadamu. Nilimwangalia mke wangu machoni nikamwambia, "Wazee, bana. Lazima walisikia vibaya."

Niliwabebesha wazee kumi na watano mzigo wangu ili nisiitwe mjinga wa lugha ya ukweni. Nikakaa hivyo siku nne. Mama mkwe alikuwa haniongeleshi moja kwa moja, lakini nilimsikia akimwambia Nekesa jambo huku akionyesha upande wa mlima wa kwao, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Mimi nikajifanya napanga majembe.

Siku ya tano ya uongo wangu Wafula akapiga simu. "Shemeji, shimo tumelifukia. Wazee wanasema kuchimba ndiko kunaamsha mlima. Daktari alikuja wakamrudisha barabarani. Alikuwa amechukua udongo wa juu tu, wa chini bado. Alilia, huyo mama."

"Na wewe uko wapi?"

"Chwele sokoni, namuuza ng'ombe. Majivu yakianguka kwa nyasi atakula nini?"

Ng'ombe mwenyewe nilimjua. Alikuwa amezaa juzi, na maziwa yake ndiyo yalikuwa yanasomesha watoto wa Wafula. Nikafunga duka bila kuaga, nikapanda bodaboda, nikamhimiza kijana aliyeiendesha mwendo mzima. Nilipofika Chwele, Wafula alikuwa amesimama na kamba tupu mkononi. Mfanyabiashara wa Myanga alishaondoka na ng'ombe, pamoja na ndama wake.

Nikamwambia pale pale, kati ya mbuzi na watu. "Wafula, mlima haulipuki. Ulilipuka zamani. Mimi ndiye nilikosea. Kibukusu sikijui."

Akaniuliza, "Hukijui kivipi? Si huwa unacheka tukiongea?"

"Nacheka mkicheka."

Nilidhani atanipiga. Akakaa chini juu ya jiwe, akashika kichwa, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka wauza mbuzi wakaja kuuliza kuna nini, naye akawaeleza wote.

Lakini kicheko hakirudishi ng'ombe. Wiki hiyo hiyo nilimpelekea Wafula ng'ombe wangu wa Kitale, yule mweusi niliyempenda kuliko duka lenyewe. Sasa maziwa ya chai nanunua kwa jirani.

Jumamosi wazee wakaitwa tena uani. Nilisimama nikasema kwa Kiswahili, Nekesa akatafsiri. Nilisema yote, mpaka zile siku nne za kuwasingizia kwamba walisikia vibaya. Nekesa alipofika hapo alinitupia jicho kabla ya kutafsiri, na nikajua yangu na yeye bado. Mzee wa kofia ya sufu akauliza, "Kwa hivyo hatuhami?" Nyuma ya jiko, mama mkwe, ambaye tulikuwa tumerudi naye, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Wengine nao wakaachilia.

Adhabu yangu ilikuwa kulifukua shimo. Tulilichimba mimi na Wafula siku tatu, viganja vikanitoka malengelenge. Daktari hakunigombeza. Alinisubiri tu pale juu na daftari lake, na hiyo iliniuma zaidi. Nilipofika chini akanishukia, akanionyesha ukutani mstari wa kijivu, mwembamba kama chapati.

"Hii ilianguka kila mahali kwa wakati mmoja," akasema. "Nimeipata pia kwenye kinamasi karibu na Kitale. Kwa hivyo najua udongo wa hapa na wa kule, palipo na mstari huu, ni wa msimu mmoja. Chini yake, huu mweusi, ni udongo wa msitu. Huu uliopauka wa juu ni wa nyasi. Miti iliondoka mvua ilipopungua."

Nikaweka kidole pale. Baridi, laini kama unga. Mzee wa kofia akaomba ashuke naye aone, na Nekesa akamweleza kila kitu. Alipopanda alisema angetaka kujua miti hiyo ilirudi lini, na Daktari akaandika swali lake daftarini.

Wewe unayesoma, sikiliza mtu aliyelala kwenye mbolea. Ukiulizwa kama unajua na hujui, sema hujui. Aibu yake ni ya dakika moja. Na kama umeshakosea, usingoje siku ya tano, kwa maana watu wanahama kwa neno lako.

Jumapili iliyopita nilikuwa Chwele. Mzee wa kofia akanishika mkono akaniuliza kitu kirefu. Nikamwambia, "Mzee, sijaelewa." Akarudia polepole, neno baada ya neno, kama unavyomfundisha mtoto.

Alikuwa ananiuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula, na kwake ugali ulikuwa umeshaiva.