Konokono wa Bwana Bonfadelli

Baraza la Muhuri wa Fidla la mji wa Cremona lilitamka, katika kifungu cha tatu cha kanuni zake za mwaka 1971, kwamba fidla inayostahili muhuri wa mji ni ile tu iliyotengenezwa na mkono mmoja, kuanzia ubao mtupu hadi tabaka la mwisho la vanishi, na kwamba mkono huo ndio uleule ulioandikwa kwenye lebo iliyomo ndani yake. Tamko hilo lilichapwa kwa herufi za dhahabu, likatundikwa ukumbini, na mafundi watatu waliolitia sahihi, Azzolini, Feraboli na Tavecchi, walipigwa picha chini yake wakiwa wamefunga tai.

Ersilio Bonfadelli hakuwamo pichani. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwake, ghorofa ya tatu juu ya duka la baiskeli, anachonga konokono.

Konokono ni kile kichwa cha fidla, pale mbao inapojikunja juu ya vigingi vya nyuzi. Hakiongezi chochote kwenye sauti. Fidla isiyo nacho italia vilevile. Lakini mnunuzi hutazama hapo kwanza, kama anunuaye farasi anavyotazama meno, na fundi mwenye konokono wa ovyo atakula mkate mkavu hata kama fidla zake zinaimba kuliko kwaya ya kanisa kuu.

Bonfadelli alizaliwa ng'ambo ya mto Po na kufunzwa useremala wa majeneza na vitanda. Vitanda ndivyo vilivyompa mkono, kwa sababu watu wa kule hawakubali kulala bila maua na majani kuchongwa juu ya vichwa vyao. Alipohamia Cremona, mwaka 1946, fundi mmoja wa fidla aliyekuwa ameumia kidole alimwomba amchongee konokono mmoja tu, kwa dharura. Kazi ile ingemchukua fundi mwenyewe siku mbili. Bonfadelli aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Habari ya namna hiyo haifichiki, na kufikia mwaka 1950 dharura zilikuwa zinakuja kila Ijumaa.

Mafundi hawakupenda kuonana kwenye ngazi zake. Pierina, mke wa Bonfadelli, alifuga kuku uani, kwa hiyo rasmi walikuwa wanakuja kununua mayai. Walipanda na kapu lenye vipande vya mbao vilivyofunikwa kitambaa, wakashuka na kapu lenye konokono waliofunikwa mayai.

"Maestro Feraboli, mayai tena?" aliuliza Maestro Azzolini siku moja walipopishana.

"Mke wangu anapenda keki. Na wewe?"

"Daktari kaniambia nile mayai. Kwa ajili ya macho."

"Basi utaona mbali sana, maana ni wiki ya tatu hii."

Kila mmoja alikuwa amemwachia Bonfadelli kiolezo chake cha bati, kwa kuwa kila fundi mkubwa ana konokono wake, na wafanyabiashara wa Frankfurt na London hulipia hilo. Mmoja wao aliwahi kuandika kijitabu cha kurasa arobaini kuonyesha jinsi ya kumtambua konokono wa Azzolini, wa Feraboli na wa Tavecchi kwa kutazama mzunguko wake wa mwisho. Kijitabu kiliuzwa vizuri. Bonfadelli alivitumia violezo hivyo mwaka wa kwanza. Baadaye aliona vinamchelewesha, akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akawa anachonga kwa macho tu. Hakuna aliyelalamika, kwa hiyo naye hakuona sababu ya kuwasumbua wakubwa kwa habari ndogo kama hiyo.

Alipofika miaka hamsini na tisa, kidole gumba chake cha kulia kilianza kuvimba kila asubuhi. Daktari alimpa mafuta ya kuchua na miaka mitatu, minne ya kuchonga. Majira ya baridi matatu yaliyopita alikuwa ametengeneza fidla yake mwenyewe, nzima, usiri wake ukiwa ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Mei ya mwaka 1974 aliipeleka Barazani. Kanuni zilisema anayekataliwa hawezi kuomba tena hadi ipite miaka mitano. Alifanya hesabu ya kidole na hesabu ya kanuni, akaona ana nafasi moja ya kuandikwa jina.

"Na ukikosa?" Pierina alimuuliza.

"Nitaendelea kuwachongea wao."

"Nilioa seremala wa majeneza," alisema Pierina, "nikajua angalau yule anayelala humo atajulikana ni nani."

"Wewe hukuoa. Mimi ndiye niliyeoa."

"Aliyefua mashati ndiye aliyeoa. Chukua kofia yako uende."

Fidla zilipelekwa mbele ya waamuzi bila majina, kwa namba, lebo zikiwa zimezibwa kwa karatasi. Zilikuwa ishirini na tatu. Waamuzi walikuwa walewale watatu wa pichani, na katibu alikuwa Bi Ornella Manfredini, aliyeletwa na manispaa kutoka idara ya leseni za mbwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri.

Feraboli aliichukua namba tisa, akaigeuza mara mbili kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu konokono ni wangu," alisema hatimaye. "Kuna mtu kaniibia."

"Hebu." Azzolini aliipokea. "Wako? Tangu lini? Tazama hapa ubavuni. Hii ni kazi yangu ya mwaka juzi. Hata kipofu anaona."

"Kipofu ndiye atakayeona. Sisi wenye macho tunaona ni wangu."

"Mayai yanakudanganya, ndugu yangu."

Tavecchi, aliyekuwa mpole wa watatu, alijikohoza. "Mimi sipendi ugomvi. Lakini kwa kuwa limeshasemwa, huyo konokono anatoka karakana yangu."

Bi Ornella aliinua kalamu. "Niandike ni wa nani?"

Walijadiliana kwa nusu saa, wakaafikiana jambo moja: yeyote aliyeleta namba tisa hakumchonga konokono huyo mwenyewe, na kwa hiyo amevunja kifungu cha tatu. Hilo liliandikwa. Kila mmoja wao, moyoni, alikuwa ameshakata shauri kwamba Bonfadelli amemuuzia mtu konokono wake, na kwamba Ijumaa atamwambia maneno yake. Kisha Bi Ornella akabandua karatasi na kusoma jina kwenye lebo: Ersilio Bonfadelli.

Mtaani, mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli.

"Aitwe," alisema Bi Ornella.

"Labda hakuna haja," alisema Azzolini.

"Mmeshaandikisha shaka juu ya mkono, Maestro. Kifungu cha saba kinasema mwenye kutiliwa shaka atachonga mbele ya Baraza. Mimi sikukiandika. Kina sahihi zenu hapa chini."

Bonfadelli alikuja na kofia mkononi, patasi zake zimefungwa kwenye aproni. Alipewa kipande cha mbao na jiliwa la kukibania, akasogezwa dirishani.

"Bwana Bonfadelli," katibu alimuuliza, "konokono wa fidla yako umempata wapi?"

"Nimemchonga, Bibi."

"Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Hata sasa naweza. Ila kidole hiki nimekichua saa kumi na mbili, na mafuta hayatakaa siku nzima, kwa hiyo tuanze."

Alianza kwa msumeno, akaenda kwenye patasi kubwa, kisha ile iliyopinda. Waamuzi walikaa kwenye viti wakitazama sakafu ikijaa maranda ya mbao. Baada ya saa moja Bi Ornella, ambaye alikuwa amesoma kanuni zote usiku uliopita, aliuliza, "Na kiolezo chako kiko wapi?"

"Situmii kiolezo, Bibi."

Azzolini alisimama. "Hutumii? Na kile cha bati nilicho..."

Alikaa.

"Kipi, Maestro?" Bi Ornella aliuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nawaza kwa sauti."

Feraboli na Tavecchi walimtazama Azzolini, kisha wakatazamana. Ilikuwa miaka ishirini na nne, na kila mmoja alikuwa anaihesabu upya.

Saa nane kasoro robo Bonfadelli alipuliza vumbi, akamweka konokono mezani kando ya namba tisa. Walikuwa sawa. Bi Ornella, aliyependa kukamilisha kazi, alimchukua yule mpya akatembea naye kando ya meza ndefu, akimlinganisha na namba kumi, na kumi na moja, na kumi na mbili, hadi mwisho. Alirudi taratibu kuliko alivyokwenda.

"Mimi si fundi," alisema. "Niandike nini?"

"Andika namba tisa imekubaliwa," alisema Azzolini.

"Na hizi nyingine?"

"Hizi nyingine hakuna aliyezitilia shaka."

Aliandika. Muhuri ulipashwa moto kwenye taa ya spiriti na kugandamizwa pale panapohusika, na Bonfadelli akapewa karatasi yenye jina lake. Aliisoma mara mbili. Halafu akabaki amesimama.

"Samahani," alisema. "Hamtaisikiliza?"

"Kuisikiliza nini?"

"Fidla. Hakuna aliyeipiga. Nyuzi nimezifunga jana."

"Bwana, umeshapata muhuri," alisema Feraboli. "Wengine hatujala tangu asubuhi."

Nyumbani Pierina aliiweka karatasi juu ya kabati, karibu na picha ya mama yake, akamtilia supu. "Wamesemaje kuhusu sauti?"

"Hawakusema."

"Tumbo lile la fidla ulilolikwangua majira mawili ya baridi?"

"Hawakulitazama."

"Basi wamekupa kwa ajili ya kichwa," alisema Pierina. "Kula, inapoa."

Alikula. Baada ya chakula aliichukua fidla, ambayo hakuweza kuipiga zaidi ya nyimbo mbili za ngoma za ng'ambo ya mto, akazipiga zote mbili. Pierina alisema inasikika vizuri kuliko alivyotarajia, na kwamba wimbo wa pili aliukosea palepale anapokosea siku zote.

Ijumaa Maestro Feraboli alikuja. Alikuta vipande vyake vya mbao vimefungwa kwa kamba mlangoni, vitano, havijaguswa.

"Ersilio, hii ni nini? Mimi nina mteja wa Zurich anasubiri."

"Kidole, Maestro. Kimebaki na fidla kama sita hivi. Nimeamua ziwe zangu."

"Na sisi?"

"Nyie ni mafundi," alisema Bonfadelli. Hakukuwa na kejeli ndani yake, alikuwa anamjibu.

Feraboli alishuka na mbao zake. Azzolini, Tavecchi na mafundi wengine walishuka na zao wiki iliyofuata, kwa siku tofauti.

Mwaka 1975, hadi siku ya mwisho ya kupokea maombi ya muhuri, ililetwa fidla moja, ya Bonfadelli. Baraza lilisogeza tarehe hadi Oktoba. Sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko mzuri wa Bi Ornella, ni unyevu wa mbao.