Udongo wa Ngorongoro

Vitu vya kumwonyesha baba niliviandika kwenye karatasi, maana mimi ni mtu wa utaratibu na ofisini Dodoma wananijua hivyo. Kwanza kreta yenyewe, ukiwa juu ukingoni. Kisha faru. Kisha ndege aina ya heroe kwenye ziwa la magadi, halafu viboko. Nikachukua likizo, nikakodi gari na dereva, nikampitia baba nyumbani Kondoa.

Pale ukingoni wageni wengine walikaa kimya kwa mshangao. Baba aliuliza kama huko chini wanalima. Dereva akacheka, akamweleza kwamba zamani huo ulikuwa mlima wa volkano, ukatapika moto hadi ukabomokea ndani, na majivu yake ndiyo yaliyoleta rutuba yote ile. Faru alipopatikana, baba alikuwa ameinamia dirisha la upande wa pili, anatazama tope la matairi.

Shamba letu liko mteremkoni. Kila masika makorongo yanayochimbwa na mvua yanakula sehemu ya mtama, na udongo unaobaki ni mwekundu, hauna kitu. Baba amepigana na shamba lile tangu sijazaliwa.

Mchana tuliruhusiwa kushuka garini kula, karibu na bwawa la viboko. Nilimwona akiinama kama anayefunga kamba za kiatu. Akachota udongo, akaufunga kwenye leso, akautia kwenye mfuko wa koti.

"Baba, hairuhusiwi. Kibao cha getini kimesema usitoke na kitu, hata jiwe."

"Viganja viwili tu, binti yangu. Nataka nioteshe mbegu humo, nione."

"Mimi ni mtumishi wa serikali. Wakikukamata, aliyekuleta ni mimi."

"Nani atamkamata mzee kwa udongo?"

Dereva akarudi, tukanyamaza. Tangu hapo sikuona tena heroe wala kiboko, niliona ule mfuko tu, ulivyotuna. Gari likipanda ukuta wa kreta nilikuwa kichwani naandika barua ya kujieleza kwa bosi wangu. Nilimkasirikia baba kweli kweli, na niliona aibu kumkasirikia.

Getini askari alipokea kibali kwa dereva, akainama dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umefurahi?"

"Sana."

Askari akarudisha karatasi, akageuka kwenda kufungua kizuizi.

"Ana udongo mfukoni," nikasema.

Hata mimi sikujua kama ningesema. Askari alinitazama, kisha akamtazama baba, na niliona wazi kwamba alitamani kama asingesikia. Alikuna shingo.

"Basi, mzee, naomba uumwage tu hapo pembeni."

Baba alishuka taratibu, kwa sababu ya magoti. Alifungua leso, akamwaga, akaikung'uta. Kisha akautoa mfuko wa koti nje, akaupangusa hadi punje ya mwisho, mtu asije akasema amebakiza.

"Samahani, mwanangu," akamwambia askari.

Tulipita Karatu. Nikamuuliza kama atakunywa chai, akatikisa kichwa. Niliuliza tena Babati, akasema hapana. Dereva alizima redio bila kuambiwa. Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi kufika nyumbani baba aliposema, akiwa anatazama barabara:

"Lakini yule askari wala hakuuliza."