Lenzi Niliyoipeleka Mtae

Tate aliangalia video yangu ya dakika kumi na moja, akaniuliza swali moja tu.

Baada ya hapo hakuniambia neno jingine mpaka tunamzika.

Swali lenyewe nitawaambia. Subirini nifike.

Naandika kwa sababu kila wiki kuna mtu kwenye kundi letu la wapiga video anauliza: "Wakuu, nina kamera ya sinema, nataka lenzi moja tu ya kufanyia kila kitu. Nichukue ipi?" Watu wanamwaga namba. Mimi nikitaka kujibu, vidole vinagoma.

Leo nimejilazimisha.

Naitwa Yusufu. Nyumbani ni Lukozi, kazini ni Lushoto mjini. Napiga video za harusi, kipaimara, maulidi, na misiba ikibidi. Tate ndiye baba yangu, Mzee Hashimu. Sisi Wasambaa baba tunamwita tate.

Mwaka huo, mwezi wa nne, hospitali walituambia tumrudishe nyumbani. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema, "Mkae naye karibu."

Dada yangu Shamsa akalia kwenye korido. Mimi nikabeba blanketi.

Siku ya tatu tate akaniita. Alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na macho.

"Yusufu. Ile kamera yako kubwa inafika Mtae?"

"Inafika, tate."

"Nenda kaniletee kwetu. Kaburi la mama. Ile ncha ya mlima tulipokuwa tunachungia mbuzi. Na..." Akakohoa mpaka Shamsa akaja kumwinua. "Na kaka. Nione kama amezeeka."

Mimi na Shamsa tukatazamana.

Jina la Baba mkubwa Sharifu lilikuwa halijatajwa mle ndani kwa miaka ishirini na mbili.

Kisa ni hiki. Bibi yetu alipofariki kule Mtae, tate alikuwa njiani na lori la kabichi. Mvua ikakata barabara. Alipofika, amejaa tope mpaka kiunoni, akakuta kaburi limeshafunikwa na watu wanakunywa chai.

"Kaka, hukunisubiri hata saa moja?"

"Maiti hasubirishwi, Hashimu."

Tate akageuka palepale na tope lake. Hakukanyaga tena. Na sisi wanawe tukapigwa marufuku kumwamkia. Nilishawahi kukutana na Baba mkubwa sokoni Lukozi, nikiwa darasa la sita. Nikapita kama nimepita mgomba. Sisi huku mtoto asiyetoa shikamoo kwa mkubwa ni sawa na mtoto asiye na kwao. Mpaka leo nakumbuka alivyosimama na kapu lake.

"Nimwambie umenituma?" nikamuuliza tate.

"Usiseme naye. Piga, urudi."

Nikashuka Lushoto kwa rafiki yangu Kristian, anayekodisha vifaa vya video. Mimi nilikuwa na lenzi moja, hamsini, ile isiyovuta. Mnaoijua mnaijua: picha yake ni tamu, chumba kina giza yenyewe inaona. Ila ukitaka uso wa mtu, lazima miguu yako ikupeleke.

Nikamweleza Kristian safari yote.

"Huwezi kwenda na lenzi tatu," akasema. "Ukungu wa kule ukifungua kamera njiani, unyevu unaingia kwenye sensa, lile jicho la ndani. Funga moja Lukozi, ifungue Lukozi."

"Ndiyo maana nataka moja ya kazi zote."

Akatoa zoom, ishirini na nne mpaka mia na tano. Nzito kama tofali. Inachukua mlima mzima, ukizungusha pete inakuletea uso wa mtu aliye ng'ambo ya korongo. Ndani ina kituliza mtikisiko, na kamera yangu haina.

"Ubaya wake?"

"Kwenye giza ni mvivu. Na..." Kristian akacheka kidogo, ana tabia ya kucheka akiwa na jambo zito. "Bwana, mimi ningekwenda na hamsini yako. Itakusogeza. Ukiwa na hii utapiga kama jambazi, umejificha kichakani."

"Hicho ndicho ninachotaka."

"Huyo ni baba yako mkubwa, Yusufu. Siyo swala."

"Nipe lenzi, Kristian."

Akanipa. Hakutaka hata niandike kwenye daftari lake.

Kesho yake nikawasha pikipiki alfajiri. Manolo, Sunga, barabara inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda. Kila nikigonga shimo nilikuwa nashika begi kifuani, na kichwani nasikia kikohozi cha tate. Niliogopa kupokea simu. Niliogopa pia simu isipoita.

Ncha ya mlima niliipata vizuri. Ukungu ulifunguka kidogo, nyika yote ya Mkomazi ikaonekana kule chini. Kaburi la bibi nililipata, limefyekwa, limepandwa maua. Nilijiuliza nani anafyeka. Sikutaka kujijibu.

Ikabaki kazi moja.

Nyumba ya Baba mkubwa iko ng'ambo ya korongo dogo. Nikajibanza nyuma ya miti ya miwati, nikaweka kamera juu ya jiwe, nikazungusha pete mpaka mwisho. Mia na tano.

Alikuwa kibarazani anapukuchua maharage.

Uso wake ukajaa kioo kizima. Moyo ulinipasuka, nasema kweli. Alikuwa tate. Tate mwenye nyama mashavuni.

Nikapiga dakika nzima. Mbili. Nikasahau kujificha.

Akainua macho.

Akanitazama ndani ya lenzi, mdomo ukaanza kutembea. Sauti haikufika. Nilichoona ni mdomo tu, na macho yamekaza.

Nikajua ananitukana.

Nikarudisha pete ile zoom ifunguke yote, nione kama kuna mtu anatumwa kunifuata. Sikusubiri hata kutazama vizuri. Nikageuka kufunga begi, zipu ikakwama, nikainyakua kamera nikakimbilia pikipiki.

Mwanaume mzima, miaka thelathini na nne. Nilikimbia.

Saa kumi jioni nilikuwa Lukozi. Shamsa alikuwa ameweka televisheni mbele ya kitanda, amemwegemeza tate kwenye mito. Nikachomeka waya.

Ncha ya mlima ilipotokea, tate alinyoosha kidole, akakirudisha. Kaburi lilipotokea, midomo yake ilisoma dua.

Uso wa Baba mkubwa ulipotokea akasema, "Amechukua sura ya mama."

Nikajivuna. Niseme ukweli. Machozi ya tate yanatiririka, mimi nawaza: lenzi imefanya kazi.

Video ikafika mwisho. Kioo kikawa cheusi.

Tate akanigeukia.

"Alipokuita, ulimwitikia?"

"Hakuniita, tate."

Alinitazama muda mrefu. Siyo kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Kisha akageuka ukutani.

"Tate?"

Akajivutia blanketi.

"Tate, sema basi."

Shamsa akanivuta nje. "Umefanya nini, kaka?"

"Sijui."

Nikachukua kamera, nikarudisha video mwishoni. Safari hii nikaisogeza taratibu, pua imegusa kioo.

Zile sekunde nilizokuwa nahangaika na zipu, kamera ilikuwa bado juu ya jiwe. Inapiga. Zoom imefunguka yote. Nyumba nzima, kibaraza chote, Baba mkubwa amekuwa mdogo kama punje ya harage.

Amesimama. Mkono wa kulia umenyooka mbele, kiganja kimetazama chini, vidole vinajikunja na kujikunjua.

Njoo.

Pembeni yake ameshavuta kigoda cha pili.

Nilipomvuta karibu, kioo kilibeba uso tu. Mkono ulibaki nje ya picha. Nilikuwa na lenzi inayoona mlima mzima, na nikaitumia kuona mdomo wa mtu.

Tate, na macho yake yale ya kufa, aliona mkono.

Sikulala. Alfajiri nikamwambia Shamsa, "Namleta Baba mkubwa. Mwambie tate namleta. Mwambie anisubiri."

"Atakusikia?"

"Mwambie hivyohivyo."

Ukungu wa asubuhi hiyo ulikuwa unashikika. Kabla ya Sunga nikapishana na basi la Mtae linateremka, taa zake njano tupu. Nikalipisha, nimekanyaga ukingo wa shimo, nikalitukana na dereva wake.

Kumbukeni hilo basi.

Safari hii sikusimama kwenye miwati. Nilishuka korongo, nikapanda upande wa pili, nikasimama kibarazani. Vigoda viwili vilikuwa palepale.

Akatoka mwanamke mzee. Mama mkubwa Salama, mke wa Baba mkubwa. Sikuwa nimewahi kumsogelea.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mimi ni..."

"Marahaba. Nakujua. Unasimama kama Hashimu." Akanishika mkono, hakuuachia. "Umemfuata baba yako mkubwa?"

"Ndiyo, mama."

"Maskini mwanangu. Amepanda basi la alfajiri. Jana alipokuona umekimbia alisema, mtoto wa Hashimu hawezi kuja huku na mashine kama mdogo wangu ni mzima. Hakula. Amefunga kanzu yake kwenye mfuko, amekwenda Lukozi."

Nilikaa kwenye kile kigoda bila kukaribishwa.

Simu haikuwa na mtandao. Nikarudi mbio, mvua nayo ikaanza. Kabla ya Sunga mnyororo wa pikipiki ukakatika. Nikaisukuma kwenye tope nusu kilomita, nikaiacha kwa watu nisiowajua, nikaenda kwa miguu.

Pale Sunga ndipo mtandao ukashika. Simu ikaita mkononi.

"Kaka." Ilikuwa sauti ya Shamsa. "Uko wapi?"

"Nakuja. Amefika?"

"Amefika."

"Na tate?"

Nikasikia watu wanasoma Yasini nyuma yake.

"Njoo tu, kaka. Wanasema mazishi baada ya adhuhuri."

Nikatazama saa. Nikatazama barabara. Tope jekundu, lori la kabichi limekwama katikati, magurudumu yanazunguka bure.

Ndiyo. Lori la kabichi.

Nikasukuma lile lori pamoja na watu wake mpaka nguo zangu hazikuwa na rangi. Lilipotoka nikapanda juu ya mzigo, nikalala kifudifudi juu ya kabichi, nikiomba kitu ambacho hakina heshima kukiomba: wachelewe. Jamani, wachelewe kumzika baba yangu.

Adhuhuri ikapita. Saa tisa ikapita. Tulipoingia Lukozi jua lilikuwa limeinama, na mimi nilishakubali. Nilijua nitakuta nini. Udongo mpya, na watu wanakunywa chai.

Nikashuka, nikakata kona ya makaburini.

Watu wote walikuwa wamesimama. Jeneza lilikuwa chini, kaburi liko wazi. Na pembeni ya kaburi, juu ya lundo la udongo, ameketi mzee wa kanzu, jembe amelilaza magotini kama mtu anayezuia mlango.

Baadaye walinisimulia. Imamu alimwambia mara mbili, "Mzee Sharifu, jua linatua, maiti hasubirishwi."

Akawajibu, "Nilishawahi kutosubiri. Niacheni nisubiri."

Nikamwendea. Tope mpaka kiunoni. Watu wakanipisha.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Alinyanyuka. Jembe likaanguka.

"Marahaba, mwanangu. Haya, ingia umpokee."

Nikaingia kaburini, nikampokea tate kwa mikono yangu.

Chai tulikunywa pamoja. Ndipo Baba mkubwa akanipa kilichobaki. Alisema alimkuta tate amegeukia ukuta. Akakaa kitandani, akamshika bega. Tate akageuka. Shamsa alikuwepo, ni shahidi.

"Hakuniuliza kwa nini," Baba mkubwa alisema. "Hakunilaumu. Alisema, shikamoo kaka. Basi. Nikamwitikia. Tukakaa hivyo mpaka saa nne, akakata roho."

Nilikuwa kibarazani kwake, mwenzangu. Tate anakata roho, mimi niko Mtae nimekalia kigoda.

Zoom niliirudisha kwa Kristian ikiwa na tope kwenye pete. Aliipangusa. Safari hii hakucheka.

Arobaini ilipofika, nilipanda Mtae na hamsini yangu. Nikampiga Baba mkubwa palepale kibarazani. Nilisogea, nikasogea tena, mpaka nikawa nasikia pumzi yake, mpaka akasema, "Sasa utanikalia." Ameanza kukohoa yeye pia. Hiyo sauti imo kwenye video. Sijaifuta.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeuliza lenzi ya kazi zote: chukua zoom. Sina ugomvi nayo, ni nzuri, na harusi bado napigia. Ila jua kuna kazi moja haiwezi. Itakuletea uso wa mtu mpaka ulipo, lakini shikamoo yako haitampelekea.

Kama kuna mzee umempita sokoni kama mgomba, mwendee kwa miguu. Usingoje basi la alfajiri likupite kwenye ukungu, wewe umesimama ukingoni unalitukana.