Ndoano Inayopinda na Kurudi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Depo alinipa boksi la ndoano zilizochanganyika na kuniambia nizitenge. Hakueleza nizitenge vipi. Depo hiyo ilikuwa Kolwezi, karibu na reli, na ilitunza vifaa vya uvuvi na vya ufugaji wa samaki vilivyopelekwa vituo vya upande wa magharibi. Mimi nilikuwa binti wa fundi wa mgodi, mtoto wa familia iliyotoka Kasai, na nilizoea kuona samaki akiwa tayari kwenye sahani. Nikazitenga ndoano kwa ukubwa wake. Mchana Mkuu alipita, akatazama mafungu yangu bila haraka.

"Mama Ngalula, umepanga muzuri, sawa bitunguu bya ku soko," alisema. "Sasa uniambie. Mu ile yote, ni gani itatoa samaki mu mayi?"

Akavuta kiti, akaketi, akaanza kunifundisha, na kazi ambayo ingenilisha maisha yangu yote ikaanza hapo.

Ndoano ina jicho, yaani tundu la kufungia mshipi. Jicho lisipofungwa sawasawa, ukingo wake hukata uzi kama wembe. Chini ya jicho kuna mguu. Mguu mrefu humpa samaki mzito nafasi ya kuuzungusha na kuupinda, kwa hiyo anayewinda samaki wa nguvu huchukua mguu mfupi. Kisha kuna kiwiko, pale chuma kinapokunjika, na mwisho kuna ncha yenye kijino kinachotazama nyuma ili samaki asichomoke. Ncha hupimwa kwenye ukucha wa dole gumba: ikiteleza, ni butu; ikishika ukucha bila kusukumwa, inafaa. Mkuu alinionyesha pia kubana mguu wa ndoano kwenye jiliwa, kile kibano cha fundi cha mezani, kuvuta ncha kwa koleo na kutazama kinachotokea. Mengine niliyapata mwenyewe, kwa kuharibu ndoano nyingi na kusoma kila karatasi ya Kifaransa kuhusu chuma iliyopita mikononi mwangu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa stesheni ya samaki upande wa Mutshatsha, nikawa mtunza stoo. Hapo ndipo nilipokutana na kape. Huku kwetu watu wengi wakisema kape wanamaanisha yule samaki mpana mwenye miiba mgongoni anayeuzwa kila soko. Mimi nazungumzia kape mwenyewe, mrefu, mwenye magamba makubwa na ndevu fupi pembeni mwa mdomo. Midomo yake ni minene na laini. Hang'ati chambo, hukifyonza, hukionja, na kisipompendeza hukitema. Akinaswa, haruki ovyo. Huinamisha kichwa na kuvuta kwa uzito mmoja, kama mtu anayekokota gunia la makaa, na havuti muda mfupi. Ndoano dhaifu hujulikana hapo.

Stesheni ilikuwa na mabwawa madogo ya vifaranga na bwawa moja kubwa tuliloliita bwawa la wazazi. Wakulima walikuja kutoka mbali, wengine hadi Kisenge, kuchukua vifaranga kwa mabeseni. Vyote vilitoka kwa kape wale wakubwa wa bwawa la wazazi, na zaidi kwa jike mmoja mzee ambaye wavuvi walimwita Mama Mobali, yaani mama mwanamume, kwa sababu ya nguvu zake. Waliolichimba bwawa hilo walikuwa wameziba bonde bila kung'oa miti. Maji yalipojaa, visiki vilibaki chini, na kila wavu uliotupwa humo ulirudi umeraruka.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja, ukuta wa udongo uliozuia maji ya bwawa hilo ulianza kutoa jasho chini yake. Bomba la kutolea maji lilikuwa limezibwa na mizizi, hivyo hatukuweza kulikausha bwawa. Mkurugenzi wa Stesheni, mtu mpole aliyevaa kofia ya majani hata ndani ya ofisi, alituita sote pale ukutani.

"Mvua ikikuta ukuta huu hivi, itaubeba pamoja na samaki," alisema. "Hatuwezi kuufungua na kuutengeneza wakati wazazi wamo ndani. Na tukipoteza wazazi, hatuna stesheni tena. Kila mtu atarudi kwao."

Njia iliyobaki ilikuwa kuwatoa mmoja mmoja kwa ndoano, wakiwa hai, na kuwabeba kwenye mapipa hadi bwawa dogo. Kazi hiyo alipewa Kasongo, mkuu wa wavuvi. Chambo kilikuwa madonge ya bukari, ugali wa kwetu, yaliyokandwa kwa unga wa karanga. Ndoano zilikuwa juu yangu.

Tatizo ni kwamba soko la Kolwezi msimu ule lilikuwa na ndoano za aina moja tu: zinang'aa kama pete, lakini chuma chake ni laini. Nilichagua zenye mguu mfupi na waya mnene kuliko nyingine, nikatupa zote zenye jicho lililo wazi. Nilimwambia Mkurugenzi waziwazi kwamba hizi zitatoa kape wadogo, wakubwa watazifungua. Ikawa hivyo. Asubuhi ya kwanza Kasongo alirudi na ndoano iliyonyooka kama sindano.

"Mama Ngalula, ona," alisema. "Mama Mobali alinirudishia kitu yako. Anasema ushonee nayo."

Aliyejitolea kutusaidia alikuwa Tata Kabeya, yaani Baba Kabeya, mkuu wa karakana. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo yaitwayo Mashamba, akitengeneza meno ya zile mashine kubwa zinazochota mawe. Hakuna mtu pale stesheni aliyeweza kumfundisha chuma.

"Mi minajua dawa yake," alisema. "Chuma laini banaikazisha. Leteni makala."

Alizipasha ndoano kwenye makaa hadi zikawa nyekundu, akazitumbukiza kwenye maji baridi. Zilitoka nyeusi. Nilichukua moja, nikaibana kwenye jiliwa na kuivuta. Haikupinda hata kidogo. Ikalia *tik*, ikakatika.

"Tata Kabeya, hii imekuwa kioo," nilisema.

"Ile moja ilikuwa na ugonjwa tangu zamani. Mama, jino ya mashine likipinda, kazi imekufa. Likiwa nguvu, linakula jiwe."

"Sisi hatuli jiwe."

"Weye ni mama ya stoo," alinijibu, akicheka. "Chuma uniachie."

Mkurugenzi alisikiliza pande zote mbili, akaamua tuzijaribu, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na hatukuwa na nyingine. Niliomba jambo moja tu: Tata Kabeya aje mwenyewe ukingoni, ashike mshipi yeye. Karakana haikuwa mbali na bwawa, lakini sikuwahi kumwona pale.

Akaja na aproni yake ya ngozi. Kasongo alimtilia chambo, akamwonyesha pa kutupa, kando ya kisiki. Tulingoja. Mshipi ukatembea, Tata Kabeya akavuta, na fimbo ya kuvulia ikainama mpaka ikakaribia maji.

"Huyu si samaki, ni locomotive ya treni!" alipiga kelele.

"Mupatie nafasi, Tata! Usishindane naye!" Kasongo alimwambia.

Alikuwa Mama Mobali. Tuliuona mgongo wake, mweusi na mpana, ukipita chini ya maji. Akainamisha kichwa, akavuta, akaachia kidogo, akavuta tena. Kisha fimbo ikanyooka ghafla na mshipi ukarudi bila samaki. Mwishoni mwake ulibaki mguu wa ndoano na jicho lake tu. Kiwiko na ncha vilikuwa vimekwenda na samaki.

Kasongo alifungua mdomo amtanie, nikamkanyaga mguu. Tata Kabeya alikuwa akitazama viganja vyake.

"Haivuti sawa jiwe," alisema polepole. "Jiwe haliachie. Huyu anavuta, anaachia, anavuta. Hii njo kazi ya resori."

Resori ni ile springi ya gari: hupinda chini ya mzigo, kisha hurudi ilivyokuwa. Na chuma cha resori, alinieleza tukiwa njiani kurudi karakana, hukazishwa kwanza kisha hurudishwa kwenye moto mdogo. Ndoano zilizokwisha kukazishwa tulizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, ili rangi ionekane. Tukazilaza juu ya mchanga ndani ya sufuria kuukuu, sufuria tukaiweka juu ya mbabula, jiko la makaa. Yeye alisimamia moto. Mimi nilitazama rangi. Chuma kikawa na njano ya majani makavu, kikaingia hudhurungi, kikaingia zambarau. Kilipogusa bluu, alisema, "Sasa!" nikazitoa.

Nilizipima zote kwenye jiliwa. Ndoano njema ilifunguka kidogo, nikiiachia inarudi mahali pake. Isiyorudi niliitupa, iliyokatika niliitupa. Zilizobaki nilizibana kijino kwa koleo kikalala, ili zitoke mdomoni bila kurarua mnyama tuliyetaka aishi. Kwa ndoano ya namna hiyo mvuvi lazima asilegeze mshipi hata kidogo, na Kasongo alijua kufanya hivyo.

Tangu hapo kape walitoka. Mapipa yalikwenda na kurudi. Mama Mobali alikuwa miongoni mwa wa mwisho, na mvua za kwanza zilikuwa tayari zinanukia. Tulipomlaza kwenye gunia lililolowa, kipande cha ndoano kilikuwa bado kwenye mdomo wake wa juu. Tata Kabeya alipiga magoti kwenye matope, akakichomoa kwa koleo lake dogo kabisa.

"Pole, mama," alimwambia samaki. "Ile kitu ni ya kwangu."

Ukuta ulifunguliwa, ukajengwa upya, na mvua ikaukuta umesimama. Nilibaki pale hadi niliporudishwa Kolwezi kuwa Mkuu wa Depo, kwenye kiti kilekile cha yule aliyenifundisha, na huko ndiko nilikostaafia.

Sasa nina meza ya ndoano sokoni. Nawaambia wanaonunua wasitazame mng'ao. Jaribu ncha kwenye ukucha, tazama jicho, kisha ipinde uone kama itarudi. Nina jiliwa ndogo pale mezani, na kwa kila boksi jipya naharibu kadhaa mbele ya mteja.

Juzi alifika tata mmoja mwenye bwawa lake nje ya mji, amekasirika, ameshika ndoano iliyonyooka.

"Mama, niuzie kitu ya nguvu. Kape zangu zinanifungulia ndoano yote. Banavuta sawa locomotive!"

"Ulitoa wapi batoto babo?" nilimwuliza.

"Ku stesheni, kule Mutshatsha. Juu ya nini unacheka?"

"Kaa chini, tata," nilimwambia, nikavuta boksi la zile za waya mnene. "Ile jamaa ya Mama Mobali minaijua."