Mchanga wa Mferejini

Nyumba ya mama yangu iko Uvira, chini ya mlima, ya matofali mabichi juu ya msingi wa mawe. Nyuma yake baba alichimba mfereji wa kupokea maji ya mlimani na kuyapeleka barabarani. Kila baada ya mvua aliuzoa mchanga ulioletwa na maji. Alipokufa, mama akaendelea kuuzoa kwa beseni.

Mimi nilikuwa nje miaka mingi: Bukavu, Kalemie, Bujumbura. Niliporudi, na mvi kichwani, nilikuta udongo kati ya mawe ya msingi umeliwa na maji. Kidole changu kiliingia chote. Niliamua kuupiga msingi lipu. Simenti nilinunua, mchanga ulikuwa pale mferejini, safi, wa bure.

“Tuuache ujae,” nilimwambia mama. “Mvua mbili tu, utatosha.”

“Baba yako hakuachaka mchanga humo hata siku moja.”

“Baba hakuwa na simenti.”

Jirani yetu, mama mjane, alikuwa anatusikiliza kutoka upande wa pili wa ua. “Weye iko na simenti,” alisema, “lakini hauna matako ya kukaa, kila siku njiani tu!” Akacheka sana. Mama hakucheka. Aliingia chumbani kwake, akasukuma beseni yake chini ya kitanda.

Nilikwenda Sange kumwita fundi niliyesoma naye. Alikuwa tayari kuja kesho yake. Mimi nikamwambia angoje, nikaenda Mutarule kuona mashamba tuliyolima nikiwa kijana. Nilikaa siku tatu, nikitembea tu. Siku ya pili niliona mvua imefunika milima ya Uvira. Nilifurahi. Nilihesabu kichwani mchanga utakaojaa.

Nilimpitia fundi Sange, na tulipofika nyumbani, mfereji ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Maji yalikosa njia, yakageukia msingi. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa umeanguka, kitanda chake kikionekana kutoka barabarani. Jirani ndiye aliyemtoa chini ya matofali.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka barazani kwa jirani, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao.

“Mchanga umetosha?” aliniuliza.

Fundi alizunguka nyumba, akarudi akitikisa kichwa. Kuta tatu zilikuwa bado zimesimama, na juu ya mlima mawingu yalikuwa yanakusanyika tena. Niliivuta beseni ya mama kutoka chini ya kitanda, nikakung'uta matope, nikaingia mferejini nikaanza kuzoa.