Vibarua Wawili wa Mtunza Miche

Jua halijachomoza vizuri, umande umeshika majani, na mtunza miche amekwisha kupiga magoti chini ya mti mkubwa msituni. Anafukua kwa kijiko cha chai. Mbegu tatu zilizochipua zinatokea, zimefichwa pamoja.

"Asante, bwana mkia," anasema. Anachukua mbili, moja anaifukia palepale.

Wifi yake, aliyebeba ndoo, anaguna. "Kindi ndiye wa kushukuriwa. Mimi ninayevunjika mgongo je?"

"Wewe una mdomo, jisifu mwenyewe."

Mtunza miche, mama wa watoto wanne, anaotesha miti ya kufunika kilima kilichoungua nyuma ya nyumba yake. Mvua kubwa ikinyesha, tope huteremka hadi jikoni. Mwaka jana alipanda miche mia nne. Ikapona tisa.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Mume wangu akaanza kuulizia nyumba ya kuhamia."

Kilichomponza ni usafi. Nyuzi nyeupe kwenye mizizi alizidhania ukungu, akaziosha zote. Hadi siku alipong'oa uyoga wa njano msituni, akaona nyuzi zilezile zimeukumbatia mzizi wa mti wenye afya tele. Tangu hapo haoshi kitu, na kila mche anautilia konzi ya udongo wa pale.

Sasa mawifi hawaishi kubishana: nani zaidi, kindi mwekundu au uyoga wa njano?

"Kindi," anasema wifi. "Anapanda, halafu anasahau alipopanda. Mkarimu kama huyo utampata wapi?"

"Anapanda, anakimbia! Uyoga ndio unaobaki kulea. Unaunywesha mti gizani, wala huusikii ukijitangaza."

"Lakini unakula sukari ya mti."

"Na wewe hukula kwangu asubuhi?"

Wanacheka hadi ndoo inamwagika.

Jioni, watoto hutegewa kitendawili kilekile: "Nina vibarua wawili. Mmoja ana mkia, hana kumbukumbu. Mwingine hana mguu, na kila mzizi anaufikia."

"Mama, hicho tumekichoka!"

Mwaka huu miche imeshika. Mvua za kwanza zimepita, na tope limeishia uani. Jikoni, alama ya tope la mwaka jana ingali ukutani, usawa wa goti. Mumewe ameshanunua rangi.

"Nimemwambia asubiri mvua kubwa ipite," anasema mtunza miche, akipangusa udongo kwenye kijiko chake. "Ikipita salama, tunapaka ukuta mzima. Nyumba ya kuhamia hatuitafuti tena."