Darubini Iliyomuua Baba

Mpaka leo nikipita mtaani kwetu hapa Butembo watu wananisalimia huku wanacheka, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe aibu yangu, maana wengine wameshaitia chumvi.

Baba yangu magoti yamemkatalia, hawezi tena kuvuka bonde kwenda kwenye shamba lake la maharage, akanituma mjini nimchagulie darubini ili awe anaona kutoka barazani mbuzi wa nani wanaingia shambani. Wiki hiyo ndiyo kwanza ametoka hospitali, kifua bado kinapiga filimbi, na mimi niliogopa hata kumwacha saa moja.

Dukani zilikuwepo mbili, ndogo nyepesi na kubwa nzito. Ndogo ilitosha kabisa (bonde lenyewe si pana), lakini mimi na vitu vikubwa mnanijua. Muuzaji akanivika ile kubwa shingoni, akanitoa nje niijaribu.

"Mama, hii inavuta mpaka Beni!"

Nikaielekeza kwenye kilima chetu, nikatafuta paa letu jekundu, nikalipata, na mbele ya mlango wetu kabisa nikaona watu wanafunga bashi, lile turubai la matanga, na wanawake wanapanga viti vya plastiki!

Nikampigia wifi yangu anayemwangalia baba, hapokei, nikapiga tena, hapokei. "Papa amekufa!" nikapiga yowe, nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki barabarani. Na kwetu mtu halii peke yake: wauza ndizi wakainuka, kina mama waliotoka kwenye maombi wakajiunga, wote wanalia, na muuzaji naye nyuma yetu anapunga mikono (nikasema moyoni, jamani, huyu mtu ana huruma!).

Tukapanda kilima tunaomboleza, tukaingia moja kwa moja chini ya bashi, tukakuta wakwe wamekaa na mbuzi wa mahari wamefungwa. Lo! Bashi, ambalo kwetu hata harusi hufungiwa, lilikuwa la jirani yetu Mama Kahindo, nyumba tatu chini yetu, anamwoza binti yake, na darubini ilikuwa imeuvuta uwanja wake ikaubandika mlangoni kwetu. Wifi yangu yuko hapo hapo, anapanga sahani.

Shangazi wa bwana harusi akasimama. "Ni nini hii? Munatuletea kilio ku dot, ku mahari ya watu?"

Kutoka barazani kwetu, bakuli la uji mkononi, baba akaita, "Masika, nani amekufa?"

"Ni... ni wewe, Papa."

Walivyocheka! Na muuzaji akafika anahema: "Mama, rudisha jumelle yangu!" Kumbe darubini yake ilikuwa bado shingoni mwangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba hakucheka. Alinitazama, macho yamemlowa. "Kumbe utanililia hivi? Merci, mutoto. Lakini hapana niletee hiyo. Niletee ile ya kidogo."

Nilimletea, na baba anawaona mbuzi vizuri sana. Mimi nimeapa siigusi darubini tena. Nikirudi jioni ananiuliza kama leo yeye ni mzima, nami nasogea mpaka barazani ndipo nijibu: mzima, Papa, nimekuona kwa macho yangu.